Je, Ni Halali Kuuza Tumaini?

Ndugu msomaji, swali nililoliweka juu ya makala hii si langu. Nililetewa na mtu mmoja wa Mbalizi, mkulima wa kahawa na mahindi, nilipokuwa likizoni nyumbani kutoka ng'ambo ninakofundisha katika chuo cha dini. Alinijia jioni, mvua ya Machi ikinyesha, akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mtoto wa umri huo habebwi mgongoni, nami mara nilipomwona nilijua kwamba pana jambo.

Alimketisha mtoto mkekani, kisha akasema bila ya kuzungukazunguka, "Mwalimu, nataka kuuza shamba. Nipe rai yako."

Akanieleza habari yake. Mtoto alichelewa kutembea, na alipotembea alikuwa akianguka mara kwa mara. Alipofikia miaka minne miundi yake ilinenepa, watu wakamsifu kwamba atakuwa mchezaji mpira. Lakini kila alipotaka kuinuka kutoka chini alishika kwanza magoti, kisha mapaja, akijipanda mwilini mwake mwenyewe kama mtu apandavyo mti. Hatimaye daktari akalitaja jina la ugonjwa: Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika misuli. Akaambiwa kwamba hauna dawa ya kuuponya. Baada ya miezi michache akatokea wakala mmoja, akamwambia kwamba iko hospitali ng'ambo inayochoma sindano za chembe ziwezazo kuotesha misuli mipya, na kwamba wanaowahi hupona. Fedha iliyotakiwa ilizidi thamani ya shamba lote na ng'ombe wake wawili.

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimpa jibu jepesi. Nilimwambia asubiri na asikate tamaa, kwani hakuna ugonjwa ulioteremshwa pasipo dawa yake. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo dawa imo njiani, au bado haijagunduliwa? Maana mwanangu hana miaka mingi ya kuingoja."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba anipe siku kumi, nikaenda kusoma nilichoweza kukisoma na kuwauliza matabibu ninaowafahamu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kumwambia jioni ile, na ninakuandikia wewe pia, kwa kuwa huenda kesho mlango utakaobishwa ukawa wako.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe, kwani asiyekijua anachokinunua hawezi kujua kama amepunjwa. Wewe uliyekulia Mbeya, Mbozi au Rungwe umeuona mbuni uliozeeka ukikatwa hadi kubaki kisiki. Mgeni hudhani mti umekwisha. Mvua ikinyesha, kisikini hutokeza machipukizi, na mkulima huchagua mawili au matatu yaliyo bora, na baada ya miaka michache anachuma tena. Machipukizi hayo hayakutoka hewani. Palikuwapo macho yaliyolala chini ya gome, yakiingoja siku ya haja.

Ndivyo Muumba alivyoiweka misuli yetu pia. Mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexander Mauro, alipokuwa akiutazama msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona chembe ndogo zilizojibanza pembezoni mwa nyuzi za msuli, chini ya utando unaozifunika. Akaziita setilaiti, kwa jinsi zilivyoambatana na uzi kama mwezi unavyoambatana na dunia. Baadaye ikajulikana kwamba chembe hizo ndizo macho yaliyolala. Mtu akiumia, au akibeba mzigo kupita kawaida yake, nyuzi huchanika. Chembe huamka na kugawanyika. Baadhi huwa nyuzi mpya, na baadhi hurudi kulala kwa ajili ya haja ya siku nyingine. Kwa Kiswahili cha siku hizi chembe za namna hii huitwa seli shina.

Sasa mfikirie mkulima mwenye wazimu, anayekikata kisiki kila siku, asubuhi na jioni. Machipukizi yatatoka, yatakatwa. Yatatoka mengine, yatakatwa. Mwishowe macho yatakwisha na magugu yatalitwaa shamba. Huo ndio ugonjwa wa Duchenne. Mwaka 1987 Louis Kunkel na wenzake huko Boston waliitambua protini ambayo watoto hawa hawana, nayo ikapewa jina la distrofini. Kazi yake ni kuushikiza utando wa uzi wa msuli ili usipasuke kila msuli unapojikunja. Asiyekuwa nayo hupasuka misuli kwa kutembea tu, kwa kupanda ngazi tu, kwa kucheza tu. Seli shina huamka kila siku kutengeneza, hata zikachoka, na mahali pa nyama pakajaa mafuta na kovu. Ndiyo maana ya ile miundi minene iliyosifiwa: haikuwa nguvu. Mtoto huacha kutembea karibu na miaka kumi na miwili, kisha udhoofu hufikia kifua na moyo. Hupata ugonjwa huu mtoto mmoja wa kiume katika kila 3,500 hadi 5,000, katika mataifa yote, weusi kwa weupe.

Kutokana na elimu hii ndipo lilipozaliwa tumaini lenyewe, na sitaki mtu adhani kwamba ninalidharau. Ikiwa macho ya kisiki yamekwisha, kwa nini yasiletwe mengine kutoka mti mzima? Miaka ya mwanzoni ya 1990 matabibu wa Marekani na Kanada walichukua chembe za misuli za watu wazima wa afya, wakazikuza, wakawachoma watoto wagonjwa. Matokeo yalisikitisha. Nyingi za chembe zile zilikufa katika siku za kwanza. Zilizobaki hazikusogea mbali na tundu la sindano. Na mwili wa mtoto ukazipiga vita kama wageni. Distrofini ilionekana hapa na pale, lakini nguvu hazikuongezeka. Wengine wakajaribu kupitia mishipa ya damu: huko Milan, Italia, watoto watano walitiwa chembe za wafadhili waliolingana nao, na mwaka 2015 matabibu wao wakaandika kwa uwazi kwamba njia hiyo haikuwadhuru sana, lakini faida yake ilikuwa ndogo. Mwaka huohuo watafiti wa Ottawa wakaonyesha jambo lingine, kwamba seli shina zenyewe zinaihitaji distrofini ili zigawanyike sawasawa. Yaani jicho la kisiki si kwamba limechoka tu, bali nalo ni gonjwa.

Huenda ukauliza: mbona tunasikia kwamba seli shina zinaponya hata hapa Tanzania? Naam, ni kweli. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na seli shina za damu ndizo zifanyazo kazi ndani ya uloto. Lakini tofauti ni kubwa. Seli za damu hutiwa mshipani, nazo hujua zenyewe njia ya kwenda nyumbani kwao mifupani, na zikishakaa humo zinatoa damu ya mwili mzima. Misuli haina nyumba moja. Ni zaidi ya mia sita, kutoka kope hadi wayo, na karibu mbili ya tano ya uzito wa mtu. Na iliyo muhimu kuliko yote kwa uhai, yaani moyo na kiwambo kinachovuta pumzi, ndiyo isiyofikika kwa sindano. Kulitumia jina moja la "seli shina" kwa mambo haya mawili, kisha kumwonyesha baba mgonjwa wa selimundu aliyepona kuwa ushahidi, ni kama kumwonyesha mtu kahawa ya jirani na kumwuzia shamba la mawe.

Sasa tumefika penye swali. Sheria ya Kiislamu inayakataza mauzo ambayo kinachouzwa hakijulikani kama kipo au kitapatikana: samaki ambaye bado yumo majini, ndege ambaye bado yuko angani, tunda ambalo halijaonyesha dalili ya kuiva. Sababu yake haihitaji mwanachuoni mkubwa. Katika mauzo ya namna hiyo mmoja huchukua fedha iliyo halisi na mwenzake huchukua neno. Wakulima wetu wanaujua ubaya huu kwa majeraha yao wenyewe. Huko Kagera wanauita butura, mtu kumnunulia mwenye shida kahawa yake ingali maua mtini. Lakini katika butura angalau maua yapo. Yule wakala aliyekuja Mbalizi alikuwa akiuza hata yasiyochanua.

Wapo watakaonijibu: wewe nani umzuie baba? Mfa maji haachi kutapatapa, na heri mtu afe akijaribu. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimeyaona macho ya yule baba. Lakini tazama, msomaji, kwamba mithali ile inamsema mfa maji tu. Haimtaji anayesimama ukingoni akiuza majani. Baba hana dhambi kwa kutapatapa. Dhambi ni ya yule anayeijua hofu yake na kuipima kwa shilingi. Na tena baba huyu ana watoto wengine watatu wanaokula katika shamba lile, na mgonjwa mwenyewe anakula humo. Mtoto anayepoteza miguu ndiye mwenye haja zaidi ya nyumba isiyohama, na chakula kisichokosekana, na mama asiyekwenda kibarua. Kuliuza shamba ni kumnyang'anya yeye kwanza.

Basi je, tuseme kwamba majaribio yote ni wizi? La hasha. Bila ya kujaribu hakuna dawa iliyopata kupatikana, na wala mimi sijui kama mwokozi wa misuli hii si mwanafunzi mmoja aliye darasani leo. Lakini lipo jaribio na kuna biashara iliyovaa kanzu ya jaribio, na watu wa Mbeya wanayo mizani ya kuyapambanua, maana wameyaona majaribio ya kweli mjini mwao. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Mbeya, na vijana wengi walijitolea huko katika majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Moja lilifanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka huko Uganda na Durban, Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2023 watafiti wake walijitokeza mbele ya ulimwengu wakasema kwamba wamesimamisha kuchanja, kwani hesabu zilionyesha chanjo zile haziwezi kutarajiwa kuzuia maambukizo. Fikiri juu ya neno hilo. Baada ya miaka ya kazi na fedha nyingi, watu wakasema, "Imeshindikana." Je, yule wakala amewahi kumwambia mteja wake hata mmoja kwamba imeshindikana?

Nami nilimwambia baba yule mambo ya kuuliza, na ninakuandikia vilevile. Jaribio la kweli halimwuzii mgonjwa kile kinachojaribiwa. Kabla ya kuanza huidhinishwa na watu wasiofaidika nalo. Humpa mgonjwa maandishi katika lugha anayoielewa, ambamo madhara yametajwa kabla ya faida, na humwachia ruhusa ya kujitoa siku yoyote. Anayekwepa lolote katika haya hana haki ya kuitwa mtafiti, hata akivaa koti jeupe.

Hapo baba akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Akasema, "Nimesikia kwamba ugonjwa huu unatoka kwa mama. Ndugu zangu nao wamesikia." Nikaelewa. Zamani ukoo ungetafuta mchawi, na jirani mmoja mzee angeteseka. Sasa elimu imemtoa mzee yule hatiani, na ukoo unataka kumweka mke mahali pake. Ni ajabu jinsi mwanadamu anavyoweza kuipokea nuru akaitumia kuchomea nyumba.

Ukweli ni huu. Maagizo ya kuitengeneza distrofini yamo katika kromosomu iitwayo X. Mwanamume anayo moja tu, aliyoirithi kwa mama. Mwanamke anazo mbili, na iliyo nzima humkinga, hata asijue maisha yake yote kwamba nyingine ina kosa. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawa mama zao hawana kosa lolote katika damu; kosa limezaliwa pamoja na mtoto. Nalo si la kushangaza, kwa kuwa jeni hili ni miongoni mwa yaliyo marefu kuliko yote ya mwanadamu, lenye herufi zaidi ya milioni mbili, na mwandishi anayenakili kitabu kirefu namna hiyo hakosi kuteleza. Na hata mama anayebeba kosa, amefanya nini? Hatia inataka mtu ajue na akusudie. Mama huyu hakujua wala hakukusudia. Na baba naye hawezi kujivunia kwamba alichagua damu yake. Nilimwomba awaeleze ndugu zake hivyo, na kama hawakumsikia, aniite.

Lipo swali jingine ambalo wasomi hulitanguliza, nami nitalipitia upesi kwa kuwa halimgusi mtu wa Mbalizi. Tangu mwaka 1998, seli shina zilipopatikana kwa mara ya kwanza kutoka viinitete vya binadamu, watu wa dini wamebishana juu ya uhalali wake, na wanavyuoni wengi wa Kiislamu wakaitazama hatua ambayo mimba hupuliziwa roho. Ubishi huo una uzito wake. Lakini chembe za Mauro hutoka katika msuli wa mtu aliyezaliwa na kuridhia, na tangu mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani ameonyesha namna ya kuirudisha chembe ya kawaida ya mwili katika hali ya seli shina, bila ya kiinitete chochote. Naona haya kidogo kwamba tumeandika vitabu vingi juu ya kiinitete kuliko juu ya baba anayetapeliwa.

Na ikiwa dawa ya kweli itapatikana, je, taabu itakwisha? Mwaka 2023 Marekani iliruhusu tiba isiyo ya seli shina bali ya jeni, ambayo kirusi kisichodhuru hupakiwa distrofini iliyofupishwa kuipeleka misulini. Bei yake ilitangazwa dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2025 wavulana wawili walioipata, waliokuwa wameshaacha kutembea, walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi, na matumizi yake yakabanwa. Kwa hiyo hata pale penye mali na elimu, watu bado wanapapasa. Mtu wa Mbalizi hayuko nyuma ya msafara peke yake. Lakini bei ile itabaki kuwa swali juu ya shingo za wenye uwezo, kwani dawa ambayo ni mataifa machache tu yanaweza kuinunua, kwa mgonjwa wetu ni kama bado haijagunduliwa.

Nilipokwisha kumweleza yote hayo nilihofu kwamba nimemwacha mikono mitupu. Kumbe lililokuwa karibu lilikuwa limesahauliwa kwa ajili ya lililo mbali. Tangu jaribio lililochapishwa mwaka 1989 inajulikana kwamba vidonge vya jamii ya prednisoni, ambavyo ni vya bei ndogo, huchelewesha udhoofu, na mtoto huweza kutembea mwaka mmoja, miwili au zaidi kupita ambavyo angetembea. Havimponyi, na vina madhara: huongeza uzito, hudhoofisha mifupa, na haviachwi ghafla, hivyo lazima viwe mkononi mwa daktari. Kunyoosha viungo kila siku huzuia visikakamae. Moyo ukipimwa mapema na kusaidiwa, na pumzi pia, wengi wa watoto hawa huufikia utu uzima ambao zamani hawakuufikia. Hakuna wakala anayesafiri hadi Mbalizi kuuza habari hizi, kwa sababu hazina faida kwake. Na ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Zambia imeingia katika ushirikiano wa utafiti wa magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu pamoja na London, Afrika Kusini, Brazili, Uhindi na wengine, kwa ajili ya kuzijua jeni za wagonjwa ambao vitabu vya tiba havikuwahesabu. Barabara iendayo huko inapita mbele ya mlango wake.

Baba yule hakuliuza shamba. Aliuza magunia ya mahindi, akampeleka mtoto hospitali ya rufaa mjini Mbeya, na vidonge vikaanzwa. Fundi mmoja wa kuchomelea pale Mbalizi alimtengenezea kiti chenye magurudumu ya baiskeli, na kaka yake humsukuma hadi shule. Mimi niliahidi kumwandikia barua kila mwaka, nikimweleza yaliyopatikana katika elimu ya seli shina za misuli, mazuri na mabaya, bila ya kuongeza wala kupunguza.

Barua ya kwanza niliituma mwezi uliopita. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa habari za mambo ambayo bado hayajafaulu. Alinipigia simu akasema kwamba ameisoma mara mbili, na kwamba mtoto anauliza yule chura wa mwaka 1961 alikuwa mkubwa kiasi gani.